Aliyekubali kutoka gazetini hakukubali kupandishwa kwenye bango

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu vijana wanaojiajiri kwa kamera nimeisoma hadi mwisho, kisha nikampa msaidizi wangu naye akaisoma. Mwandishi kajitahidi. Kaeleza namna ya kununua kamera iliyotumika bila kupigwa, jinsi ya kupanga bei za harusi na sendofu, na kwa nini kijana asikubali kulipwa kwa ahadi ya "tutakutangaza". Yote kweli. Ila kurasa mbili nzima zimekwisha bila kumtaja mtu anayekaa mbele ya hiyo kamera. Ni sawa na kueleza kazi ya kinyozi ukamsahau mwenye kichwa.

Huyo mwenye kichwa, anayepigwa picha kwa kazi moja kisha sura yake ikatumiwa kwa nyingine bila kuulizwa, ndiye aliyenifanya nikae kuandika. Barua ni ndefu, mhariri, na najua nafasi ni finyu. Ikate upendavyo, ila habari za fundi baiskeli naomba uziache zilivyo.

Mimi ni mwanamke, nina studio ndogo hapa Dar es Salaam, na kazi yangu ni sura za watu. Harusi sipigi, mpira sipigi, simba wa Serengeti nawaachia wenye lenzi ndefu. Nusu ya kazi zangu hutoka magazetini na kwenye majarida: mtu kaandikwa, mhariri anataka picha yake nzuri ya kukaa juu ya makala. Nusu nyingine ni za kampuni: wakurugenzi kwa ajili ya ripoti ya mwaka, sura za kalenda, mabango ya barabarani, pakiti za bidhaa. Kamera ni ileile, taa ni zilezile, na mara nyingine hata anayekaa kwenye kiti ni yuleyule. Lakini ni kazi mbili tofauti, na zikichanganywa kuna mtu anaumia.

Picha ya gazeti inaeleza: huyu ni fulani, anafanya hiki, habari zake ndizo hizi. Picha ya tangazo inauza. Ukimweka mtu kwenye tangazo umemsemesha, "mimi natumia bidhaa hii, nanyi itumieni," hata kama mdomo hajaufungua. Wanaouza picha kimataifa, akina Getty Images na Alamy, wanalijua hilo siku nyingi. Picha ya mtu isiyo na ridhaa yake ya maandishi huwekewa alama kwamba ni ya matumizi ya habari, si ya biashara. Kwetu hapa alama hiyo huonekana pale tu mteja anapokuwa mgeni. Wakala wa Nairobi au Johannesburg akiniagiza kazi, karatasi za ridhaa hunifikia kabla hata ya malipo ya awali. Wakala wa hapahapa mjini nikimuuliza kuhusu ridhaa ananijibu, "Ah, dada, hao watu wetu tu."

Zamani jambo hili halikuwa na utata. Ukienda Shangani, Unguja, utaikuta Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit. Mtu aliingia studio ya namna ile kavaa vizuri, akapigwa, akalipa, akarudi siku ya pili kuchukua picha yake. Aliyekaa kwenye kiti ndiye aliyekuwa mteja. Akiona kope zimefumba, picha inarudiwa. Mimi nimefundishwa kazi Kariakoo kwenye studio ya paspoti saizi, kitambaa cha bluu ukutani na kioo cha kuchania nywele mlangoni, na utaratibu ulikuwa huohuo. Bosi wangu alikuwa na kabati la kioo linalotazama barabarani ambamo aliweka picha zilizompendeza. Hakuiweka picha ya mtu mle bila kumuuliza. Niliwahi kumwona akiitoa haraka picha ya binti mmoja kwa sababu posa yake ilikuwa imevunjika na mama mtu kaja juu. Hakuna sheria iliyomwambia aitoe. Yule binti alikuwa mteja wake, na mtaa ulikuwa mmoja.

Siku hizi anayekaa kwenye kiti mara nyingi si mteja. Mteja ni gazeti, au wakala wa matangazo, au shirika. Aliyekaa halipi, hachagui picha, haioni mpaka imekwisha kutoka, na asiporidhika hajui aende kwa nani.

Sasa habari za fundi baiskeli. Jina simtaji, mtaa siutaji. Upande wa Temeke inatosha.

Kuna jarida moja, si lenu, lilinituma niwapige mafundi wazee kwa ajili ya makala ya kazi za mikono zinazopotea. Mzee huyu nilimkuta chini ya mwarobaini, karai la maji pembeni, mpira wa ndani wa Phoenix mkononi, anauzamisha kidogo kidogo kutafuta panapotoa mapovu. Shikamoo, marahaba, nikajieleza nimetumwa na nani. Alikuwa na kofia nyeupe ya kiua, uso mweusi uliotulia, na tuko kivulini. Wapigapicha wanaosoma barua hii wanaijua tabu hiyo: ukipima mwanga kwa kofia uso unazama gizani, ukipima kwa uso kofia inaungua kwa weupe na darizi zote zinapotea. Flashi sikuitaka, ingeua kivuli cha majani. Nilimgeuza kidogo aelekee barabarani, msaidizi akashika ubao mweupe usawa wa magoti, nje ya picha, ukarudisha mwanga wa mchangani hadi mashavuni na machoni. Kisha nikasubiri. Watu wa rika lile ukiwaambia "tabasamu" wanakakamaa. Nilimuuliza habari za ringi iliyopinda iliyoegemezwa mtini, akaanza kunifundisha jinsi ya kuinyoosha: unakaza njiti za upande huu, unalegeza za upande ule, unazungusha gurudumu, unasikiliza. Spana ndogo ya njiti ilikuwa kati ya dole gumba na cha shahada. Alipofika kwenye kusikiliza akainamisha kichwa kidogo, na hapo ndipo nilipompata.

Kabla sijafunga begi akaniuliza, "Binti, hii inakwenda wapi?"

Nikamtajia jarida, nikamwambia itatoka mwezi ujao na nakala nitamletea mwenyewe.

"Haya. Iwe kheri."

Hiyo ndiyo ridhaa aliyoitoa, na ilikuwa ya jarida. Nakala nilimpelekea, akaibandika ndani ya kibanda chake juu ya pampu.

Miezi ikapita. Mjukuu wake akiwa ndani ya daladala, Barabara ya Kilwa, akamwona babu yake juu ya bango. Tangazo la mikopo ya papo kwa papo kwa simu. Niliposikia nilikwenda kulitazama kwa macho yangu. Kofia ni ileile na darizi zake zote, mwanga mashavuni ni uleule wa ubao wangu. Mwarobaini umefutwa, nyuma kumepakwa rangi ya kampuni. Ngozi imeng'arishwa. Na ile spana ya njiti imeondolewa mkononi, kapachikwa simu kubwa ya kupangusa. Vidole vimebaki vilevile, vya mtu anayekaza kitu kidogo. Ukitazama vizuri unaona kabisa havijawahi kuishika simu ile.

Wasioishi uswahilini hawajui kinachofuata. Mtu wa mtaani akionekana kwenye bango, mtaa mzima unajua kalamba mamilioni. Kamati ya harusi ya mtoto wa jirani ilimwandikia ahadi kubwa bila kumuuliza. Mwenye nyumba akaanzisha mazungumzo ya kupandisha kodi. Ndugu wa Rufiji wasiopiga simu mwaka mzima wakapiga, kila mmoja na mgonjwa wake. Mzee akisema hakupata hata senti anaonekana mchoyo, tena mchoyo wa uzeeni, ambao watu huuchukia zaidi. Wateja wawili watatu wakaanza kumlipa pungufu: "Mzee, wewe sasa hivi si wa kutubana sisi."

Hayo ya pesa angeyavumilia. Lililomkaa rohoni ni la msikitini. Huyu ni mtu wa safu ya mbele, maisha yake yote kaikimbia riba, hata deni la dukani hulilipa kabla ya mwezi kuandama. Sasa sura yake inanadi mkopo wa riba njia kuu, mchana na usiku, na taa juu. Siku moja baada ya Isha imamu alimvuta pembeni, kwa adabu, akamuuliza imekuwaje. Mzee akamtuma mjukuu aniite.

Nilikwenda. Hakufoka. Alinimiminia kahawa, akangoja ninywe, ndipo akasema, "Binti, siku ile tulizungumza baiskeli. Mkopo tuliuzungumza saa ngapi?"

Jarida lilinijibu kwamba walinilipa, hivyo picha ni yao. Wakala wa matangazo akasema aliinunua kwa jarida kihalali. Kampuni ikasema mambo ya picha ni ya wakala. Kwa hiyo ankara zilikuwa zimezunguka, kila mmoja kamlipa mwenzake, na kwenye yangu hata ile kodi ya zuio ya asilimia 5 haikusahaulika. Aliyesahaulika ni mwenye uso. Baada ya kusumbuana sana, kampuni ikamtumia mzee zawadi: fulana, mwavuli na kalenda. Ndani ya kalenda, mwezi wa saba, ni yeye. Bango lilishushwa msimu wa tangazo ulipokwisha, si siku moja kabla.

"Tulikulipa, picha ni yetu." Sentensi hii nimeisikia kwa watu wenye shahada za masoko, kwa hiyo niijibu. Katika picha ya mtu kuna haki za watu wawili. Ya kwanza ni yangu niliyepiga, nayo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hiyo naweza kuiuza, kuikodisha au kuigawa bure. Ya pili ni ya aliyepigwa, juu ya sura yake. Hiyo siwezi kumuuzia mtu kwa sababu sijawahi kuwa nayo. Jarida lilinunua kwangu nilichokuwa nacho, kisha likauza na kile ambacho sikuwa nacho.

Wala si hisia zangu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, na tume yake ya kupokea malalamiko. Msingi mmoja wa sheria hiyo ni kwamba taarifa za mtu zikikusanywa kwa kusudi moja haziendi kutumika kwa kusudi jingine lisilohusiana nalo. Uso unaotambulika mpaka na mjukuu ndani ya daladala ni taarifa binafsi kuliko namba ya simu, kwa sababu namba utabadilisha. Wenzetu Kenya wameshafika mbele: Septemba 2023 ofisi yao ya kulinda taarifa binafsi iliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kurusha mitandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Mgahawa ulikuwa unatangaza starehe zake tu. Hawakumpachika mtu simu mkononi.

Mzee nilimweleza kwamba anaweza kulalamika. Akasema hana muda wa kushinda kwenye mabenchi ya maofisi wakati baiskeli za watu zinamngoja. Sikumlaumu. Ndiyo maana nataka jambo hili limalizwe kabla, pale kwenye kiti, badala ya kumwachia mzee kulifukuzia.

Studio kwangu kuna fomu ya ridhaa, ukurasa mmoja, Kiswahili. Zile za kutoka nje huja na Kiingereza cha mawakili, na nimewahi kumwona mama muuza dagaa akiwekewa moja mbele yake na kuonyeshwa tu pa kutia sahihi. Yangu naisoma kwa sauti kabla ya kamera kutoka kwenye begi, maana taa zikishawashwa na watu wamezunguka, hakuna anayethubutu kusema hapana. Inauliza: picha itatumika wapi, gazetini, mtandaoni, barabarani, kwenye pakiti? Kwa muda gani? Nchi gani? Malipo kiasi gani, na matumizi yakiongezeka, malipo yataongezeka kiasi gani? Halafu kuna mstari ambao kwangu ndio muhimu kuliko yote: mambo ambayo mwenye sura hataki kuhusishwa nayo. Hapo watu hufunguka. Wengi hutaja pombe na siasa. Wamama wengi hutaja dawa za kujichubua. Kijana mmoja wa bodaboda alitaja timu ya mpira, na aliposema timu gani msaidizi wangu alinuna mpaka jioni. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba mbele ya shahidi anayemchagua yeye, si mimi. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi, lakini naye namuuliza. Nakala naipiga picha na kumtumia kwenye simu yake au ya jirani yake.

Vijana wataniambia wateja watakimbia ukiwaletea makaratasi. Wengine wamekimbia, kweli. Waliobaki wamegundua kwamba pesa ya kumlipa mwenye sura ni ndogo sana ukiilinganisha na kodi ya bango lenyewe, na kwamba bango likishapanda halafu likalazimika kushuka, hasara si ya mpigapicha.

Nawe mhariri utaniambia: tukimfuata kila mtu na fomu, habari tutapiga saa ngapi? Hapana, sisemi hivyo. Waziri aliyesimama jukwaani hahitaji fomu. Msongamano wa Ubungo hauhitaji fomu. Mafuriko, maandamano, mechi, soko la Feri alfajiri, pigeni mchapishe, ndiyo kazi yenu. Ninachosema ni kwamba picha iliyoingia kwa mlango wa habari isitolewe kwa mlango wa biashara wakati mwenyewe hajui. Ikitakiwa kutolewa, arudiwe aulizwe. Akikataa, basi.

Na mashirika yasiyo ya kiserikali yasijione yamo nje ya barua hii kwa sababu hayauzi kitu. Nimeona kijitabu cha ugonjwa wa aibu kikiwa na sura ya msichana ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, siku ile alikwenda kituo cha afya kumsindikiza dada yake. Alikuwa mchumba wa mtu. Sitaendelea.

Tena haki ninayoidai si ngeni. Wakubwa wanayo tayari, hata bila fomu. Mkurugenzi nikimpiga, picha hupita kwa katibu muhtasi, kwa meneja uhusiano, kwa mke wakati mwingine. Mmoja aliirudisha kazi nzima kwa sababu ya tai. Wengi huniomba niwapunguzie weusi kwenye kompyuta. Hilo nakataa, nawapunguzia jasho tu. Lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye picha yake itatoka bila yeye kuiona na kusema sawa, na siku ukitaka kumpandisha kwenye bango la kampuni ya mtu mwingine utakutana na mwanasheria wake getini. Fundi baiskeli hana geti.

Sasa kidogo kuhusu majina, maana niliiona picha iliyopamba makala yenu. Kijana kashika kamera, mwanga mzuri umempiga ubavuni, na chini yake mmeandika "Picha: Mtandao". Siku nyingine ni "Picha na Mpigapicha Wetu", siku nyingine "Maktaba". Mtandao haujawahi kubeba stendi ya taa, mhariri. Mwaka 1991 picha za Seydou Keïta, aliyekuwa na studio yake Bamako tangu 1948, zilionyeshwa New York bila jina lake, ikaelezwa kwamba mpigapicha hajulikani. Mwenyewe alikuwa hai, yupo nyumbani kwake Mali, na Bamako walimjua. Ilibidi mtu asafiri kwenda kumtafuta. Sheria yetu ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwenye kazi yake, na mstari mmoja chini ya picha haumalizi wino. Wapo pia wanaofikiri akili bandia itatuondolea tabu yote hii, kwamba utaiagiza kompyuta ikutengenezee fundi baiskeli asiyedai chochote. Nimewaona mafundi hao. Wana kucha safi, na spana wanaishika upande usiokaza.

Ninayoyaomba kwenu ni machache na mnayaweza bila kungoja Bunge. Dawati la picha lisigeuzwe ghala la idara ya matangazo: mtu wa matangazo akija kutaka sura ya mtu kutoka maktaba yenu, aulizwe karatasi ya ridhaa iko wapi, na kama haipo arudi mikono mitupu. Mikataba yenu na sisi wa kujitegemea iandike wazi kwamba mmenunua picha kwa ajili ya gazeti. Na mkimtuma kijana kumpiga mtu, mwambieni ajibu kwa ukweli mtu huyo akimuuliza inakwenda wapi, kisha jibu hilo liwabane na ninyi.

Jina langu nakuomba usilichapishe. Najua ni kituko, barua inayodai majina yaandikwe chini ya picha kuja bila jina. Lakini wapigapicha wa sura mjini hapa tunafahamiana, na ukilitaja langu, jioni ileile kuna mtu atalikumbuka lile bango na kuanza kumtafuta mzee. Kamati za harusi ndiyo kwanza zimemwacha apumue. Namba yangu ya simu umeiona kwenye bahasha, na nakala ya fomu nimeiweka humo. Ichapisheni, ibadilisheni, wagawieni na wenzenu. Hakimiliki yake siidai.

Wako,
Mpigapicha, Dar es Salaam